SOMO: Mgonjwa asiyejigeuza mwenyewe, tunailindaje ngozi yake

Jamani mnaouguza mgonjwa wa kulala muda wote, awe amepooza au ni mzee aliyeishiwa nguvu, leo tuongelee ngozi yake. Kidonda cha kulala mara nyingi kinaanzia ndani, mfupa unakandamiza nyama juu ya godoro, damu haipiti, ukija kuona ngozi imefunguka ujue chini kumeshaharibika zamani. Mimi ni nesi, nimesafisha vidonda hivi vingi mno na inaniuma kwa sababu vingi vingezuilika.

Hatua ya 1. Kagua
Ukimwogesha angalia kila penye mfupa: chini ya mgongo pale juu ya makalio, nyonga, visigino, vifundo, viwiko, kisogo, mpaka masikio. Ukiona doa, libonyeze kwa kidole sekunde chache kisha achia. Ngozi yenye afya inapauka halafu rangi inarudi, lile doa lisilobadilika hata ukilibonyeza ndio kidonda kimeanza hivyo. Ila kwa sisi wenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu, huwezi kuuona vizuri. Linganisha na ngozi ya pembeni, je hapa ni peusi zaidi au pana rangi ya zambarau? Halafu weka mgongo wa mkono wako, pana joto kuliko pengine, pamekuwa pagumu, au panabonyea kama tunda lililoiva sana? Na muulize kama panauma.

Hatua ya 2. Geuza
Anza na kumgeuza kila baada ya masaa 2, andika kwenye karatasi ubandike ukutani, maana watu mkipokezana mnasahau. Usimlaze ubavu kabisa akakalia mfupa wa nyonga, mwinamishe kidogo tu kama nyuzi 30, mto mgongoni, mwingine katikati ya magoti. Visigino vielee hewani, yaani mto ukae chini ya mashavu ya miguu, kisigino kisiguse kitu. Na tafadhali msimburute, mnyanyueni kwa shuka mkiwa wawili, kumburuta kunachana ngozi kwa ndani.

Hatua ya 3. Mkavu
Akijisaidia msafishe hapo hapo kwa maji ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa bila kusugua, paka mafuta mazito ya kuzuia unyevu, yale ya zinki ni mazuri. Shuka lisiwe na mikunjo.

Chakula pia, protini na maji ya kutosha, bila hivyo ngozi haijengeki.

MASWALI YENU

Swali: Nesi, mama namkanda mgongo kwa spiriti kila asubuhi, niendelee?
Jibu: Acha dada yangu. Spiriti inakausha ngozi mpaka inapasuka, na kukanda pale palipobadilika rangi kunaumiza vile vimishipa vilivyobaki. Mpake losheni isiyo na manukato, taratibu.

Swali: Baba nikimgeuza usiku analalamika usingizi, na mimi nimechoka sana
Jibu: Pole sana, najua kazi hiyo. Akiwa na godoro zuri la kupunguza mgandamizo anaweza kukaa mpaka masaa 4 bila kugeuzwa, ila asubuhi kagua, ukikuta doa lisilopotea fupisha huo muda.

Swali: Vipi ile mito ya duara yenye tundu katikati?
Jibu: Hapana, ule mduara wenyewe unabana damu pembeni yote.

Swali: Kisigino cha bibi kina gamba jeusi kavu, nilitoe nipake dawa ya unga?
Jibu: Usilitoe wala usipake kitu, lile gamba likiwa kavu na limeshika linafunika kidonda. Kiweke kisigino kikielea, aonwe na mtaalamu wa vidonda wiki hii hii. Ila gamba likianza kulainika, kunuka, kutoa usaha, au bibi akapata homa au akaanza kuchanganyikiwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo hata kama ni usiku.