Jinsi ya kuandika maoni juu ya riwaya ya fantasia uliyoimaliza juzi

Msomaji humaliza riwaya saa sita usiku, moyo bado unamdunda, anashika simu na kuliandikia kundi la wasomaji: "Kitabu moto, kisomeni!" Mwenzake aliye Nakuru, mwenye pesa za kitabu kimoja tu mwezi huu, anabaki palepale alipokuwa. Hajui kama ni hadithi ya mtoto wa miaka 12 au ya kijana wa 17, hajui kama inaishia njiani, wala hajui huo moto uko sura gani. Maoni yanayomfaa ni yale yenye ushahidi, na ushahidi huo hukusanywa wakati wa kusoma.

Jua umeshika juzuu ya ngapi

Fantasia za vijana, yaani hadithi za ulimwengu wa kubuni wenye nguvu za ajabu, mara nyingi huandikwa kwa mifululizo, na kwenye meza za vitabu vya mitumba Kisumu na Nakuru ni rahisi kuokota juzuu ya pili bila kujua, kwa sababu jalada linapendeza na bei ni nafuu. Kabla ya kulipa, tazama mgongo wa kitabu kama una nambari, kisha ukurasa wa mwanzoni unaoorodhesha vitabu vingine vya mwandishi huyo. Kama bado huna hakika, soma kurasa mbili za kwanza. Zikitaja vita vilivyokwisha na majina matano au sita bila kumtambulisha hata mmoja, huenda umeingia hadithi katikati.

Ukikinunua hata hivyo, si vibaya, ila sentensi ya kwanza ya maoni yako iseme hivyo. Lawama kwamba "wahusika hawaelezwi" haina uzito kama walishaelezwa katika juzuu ambayo hukuisoma. Mfululizo ukiwa haujakamilika, sema pia, maana kungoja kuna gharama yake. Waliosoma juzuu ya pili ya mfululizo wa fantasia wa mwandishi Tomi Adeyemi ilipotoka mwaka wa 2019 waliingoja ya tatu hadi 2024. Aliyeanza akiwa Kidato cha Kwanza alishamaliza shule kabla hajaujua mwisho.

Daftari

Tenga ukurasa mmoja wa daftari kwa kila kitabu. Upande wa kushoto andika sura na ukurasa, kulia maneno yasiyozidi kumi. Weka herufi moja mbele ya kila mstari: S kwa sheria ya ulimwengu ule, A kwa ahadi ambayo mwandishi ametoa, M kwa mahali moyo ulipokushika, K kwa mahali ulipochoka. Riwaya ya kurasa 400 hutoa mistari 15 hadi 25. Ikipita 40 unakinakili kitabu. Ikiwa chini ya nane, siku ya kuandika utaanza kubahatisha.

Tanguliza sura, ndipo ukurasa. Toleo la Marekani na la Uingereza la riwaya moja huweza kutofautiana kurasa, na kwenye simu kurasa hubadilika kila unapokuza maandishi. Msomaji wa simu aandike sura na asilimia. Kitabu cha maktaba kisiguswe na kalamu wala kukunjwa pembe. Kata vipande vya karatasi vya upana wa kidole, uvichomeke, uvitoe vyote kabla ya kukirudisha.

Alama ya K ndiyo wengi huipuuza, nayo ina faida kuliko zote. Unapoiweka, andika na saa. Ukichoka saa tano usiku baada ya kazi ya kutwa, hujui bado kama kilichochosha ni kitabu au ni siku yenyewe. Zisome upya kurasa mbili zilezile asubuhi, au ndani ya matatu ya kwenda Kakamega. Zikiendelea kuburuta, kosa ni la kitabu na unaweza kulisema bila kusita.

Uchawi una sheria, na sheria ina bei

Hapa ndipo maoni ya fantasia hutofautiana na ya riwaya nyingine yoyote. Maswali ni matatu: nani anaweza, anatozwa nini, na ni kitu gani hawezi kamwe? Mwandishi hana wajibu wa kujibu yote mapema, lakini akishajibu amejifunga.

Aliyekulia magharibi mwa Kenya ameshaupata mfano bora bila kufungua kitabu. Luanda Magere, shujaa wa hekaya ya Waluo, alikuwa na mwili ambao mkuki haukuupenya. Alipougua, mkewe aliyetoka kwa maadui aliambiwa achanje dawa kwenye kivuli, akaona kivuli kikitoka damu. Akaenda kuwaambia watu wake, nao vitani wakakilenga kivuli. Magere akaanguka, akageuka jiwe. Tazama mpangilio wake. Udhaifu haukushuka kutoka juu siku ya vita. Tuliuona nyumbani, kwa jambo dogo la kuuguza mgonjwa, na kwa hiyo anguko linauma bila kutushangaza kwa hila. Ukisoma riwaya mpya, iulize hivyo hivyo: kile kilichomuangusha au kumuokoa shujaa kilionekana lini kwa mara ya kwanza? Kama daftari lako halina mstari wa S wala A kabla ya robo ya mwisho, umeshika sadfa, na sadfa inayomuokoa mhusika mkuu ni kasoro ya kutajwa.

Swali la pili la ulimwengu ni kama ajabu yake inabadilisha maisha ya watu au ni rangi tu ya ukutani. Shaaban Robert alilijibu vizuri katika *Kusadikika*, mwaka wa 1951. Nchi yake iko hewani, kwa hiyo wajumbe hawatumwi pande nne tu bali sita, pamoja na Mbinguni na Ardhini. Ajabu moja imebadilisha hata hesabu ya safari. Riwaya yenye majoka angani ambamo bado barua huchukua mwezi mzima kwa farasi, na hakuna anayeuliza kwa nini, inastahili mstari wa K.

Sauti ya kijana

Riwaya nyingi za vijana husimuliwa kwa nafsi ya kwanza, tena nyingine na watu kadhaa kwa zamu. *Children of Blood and Bone* ya Adeyemi, ya 2018, ina wasimulizi watatu, Zélie, Amari na Inan, jina la kila mmoja likiwekwa mwanzoni mwa sura yake. Kipimo ni chepesi: mwombe mtu akufungulie sura tatu ovyo, afunike jina kwa kidole, usome aya moja moja. Ukiwatambua wote, andika kwamba sauti zinatofautiana, na useme umewatambua kwa nini: urefu wa sentensi, matusi, vitu wanavyoviona kwanza. Ukikosea wawili kati ya watatu, hilo nalo ni hoja yenye ushahidi.

Wasomaji watu wazima hukasirika binti wa miaka 16 anapofanya uamuzi mbaya, kisha wakaandika kwamba kitabu ni kibaya. Hapo wamemhukumu binti wakakiacha kitabu. Rudi kwenye sura hiyo, orodhesha alichokijua wakati ule, si unachokijua wewe uliyemaliza. Kama uamuzi unatokana na orodha hiyo, mwandishi amefanya kazi yake hata kama wewe ungempiga kofi. Kama hautokani, eleza pengo liko wapi.

Taja kwa uwazi kitabu kinafaa umri gani, kwa sababu mzazi au mwalimu atakutegemea. Kuandika "kwa vijana" hakumsaidii. Andika kama kuna mauaji yanayoelezwa kwa kina, mapenzi yanafika wapi, na kama mzazi au mtoto anakufa. Mstari mmoja unatosha.

Jihadhari na neno mchawi

Vingi vya vitabu hivi viko kwa Kiingereza, na maoni yako ni ya Kiswahili. Joka ni joka, kizimwi ni kizimwi, na majina yasiyo na mwenzake acha yalivyo, uyaeleze kwa maneno matatu. Lakini shujaa mwema ukimwita mchawi, umeshabadilisha hadithi. Kwetu mchawi ni mtu wa kudhuru, na neno lenyewe si mchezo: Kisii wazee wameuawa kwa kushukiwa tu. Tumia "mwenye kipawa" au "mwenye nguvu za ajabu", mganga akiwa ni wa kutibu, na mchawi umwachie anayeroga. Kadhalika, usipime miungu na mizimu ya riwaya ya Nigeria kwa desturi za Siaya. Pima kama kitabu kinazifuata desturi zake chenyewe.

Kuandika

Subiri usiku mmoja, usipitishe wiki. Siku hiyohiyo utaandika furaha. Baada ya wiki majina yanaanza kuchanganyika. Maneno 300 hadi 400 yanatosha kusomwa kwenye simu bila mtu kuchoka.

Anza na jina la kitabu, mwandishi, mwaka, juzuu na umri. Kisha hadithi kwa sentensi tatu, ukikomea robo ya kwanza: kwenye kitabu cha kurasa 400, usitaje tukio lililopita ukurasa wa 100. Baada ya hapo chagua mambo mawili au matatu kwenye daftari, yale yenye herufi nyingi zaidi, na hayo ndiyo yachukue nusu ya maandishi yako.

Tuseme, kwa mfano wa kubuni, riwaya inahusu binti anayeita mvua. Rasimu ya kwanza huwa hivi: "Mwandishi ameumba ulimwengu mzuri na uchawi wa kusisimua, ila mwisho haukunipendeza." Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote. Sasa fungua daftari:

"Sura ya 3 inatuambia kwamba kila mara binti akiita mvua husahau jina la mtu mmoja ampendaye. Sura ya 7 anasimama mlangoni mwa nyanyake, sufuria mkononi, hajui amwite nani. Hapo bei inauma kwelikweli. Lakini katika robo ya mwisho mwandishi anaacha kuidai bei hiyo, na haelezi kwa nini."

Linganisha namna sehemu mbili zilivyoshikwa. Sufuria na mlango vimetajwa waziwazi kwa sababu vimo ndani ya robo ya kwanza. Kasoro ya mwishoni imetajwa bila kusema mvua iliitwa wapi wala nani alikumbukwa. Mwenzako amejua kuna tatizo na la aina gani, na mwisho wa hadithi bado ni wake.

Ukipenda kutoa nyota, eleza kipimo chako mara moja na ukishike. Tano: kikipotea nitakinunua tena. Nne: nitamwazima rafiki. Tatu: nilimaliza bila kujuta. Mbili: nilijilazimisha. Kitabu ulichokiacha njiani usikipe nyota yoyote. Andika sura uliyoachia na sababu. Na kama kila kitabu chako kinapata tano, rudi uhesabu mistari ya K.

Kabla ya kutuma, msomee mtu ambaye hajakisoma kitabu hicho, kisha mwombe akuambie mambo mawili: kinahusu nini, na anadhani kinaishaje. La kwanza likimshinda, umefupisha mno. La pili akilipatia, tafuta sentensi iliyomtobolea siri, uifute.