Wiki Kubwa ya Bilbao kwa asiyekunywa

Mdogo wangu anakuja Agosti hii kutoka Muscat kwa sikukuu ya mji wetu wa Bilbao, kaskazini mwa Hispania, na maswali yake ya simu hayaishi. Nimeona niyaandike yote mara moja, huenda yakamfaa na mwingine. Kazi yangu hapa Bilbao ni kumtunza bibi mmoja mzee. Namwita amama, ndivyo Wabaski, wenyeji wa mkoa huu wa Bizkaia, wanavyomwita bibi. Kila sikukuu mimi ndiye ninayesukuma kiti chake cha magurudumu, kwa hiyo mambo ya ngazi, vyoo na msongamano niulize mimi.

Sikukuu yenyewe ni Aste Nagusia, maana yake Wiki Kubwa, nayo huanza Jumamosi inayofuata tarehe 15 Agosti na huenda siku 9. Kwa sura hii ya leo ilianza 1978, miaka 3 baada ya dikteta Franco kufa, watu wa mitaa walipoamua sikukuu iwe yao. Ndiyo maana vibanda vya chakula na vinywaji vya pale Arenal, kando ya mto, wanaviita txosna, haviendeshwi na wafanyabiashara. Vinaendeshwa na konpartsa, vikundi vya watu wanaojuana, na ukimwona mzee wa miaka 60 anaosha sufuria nyuma ya kibanda, huyo hajaajiriwa.

Nguo. Usije na nyeupe yenye kitambaa chekundu. Hayo ni ya sikukuu ya San Fermín kule mji wa Pamplona, Julai, na hapa watakucheka. Bilbao ni kitambaa cha bluu shingoni. Mimi ninavaa mtandio, basi amama alinifunga chake juu ya mtandio, akalivuta fundo na kusema sasa naonekana mtu. Chukua na sweta. Agosti ya hapa si ya Muscat. Kuna manyunyu wanayaita sirimiri, hayaonekani lakini yanakulowesha mpaka ndani.

Siku ya kufungua, sikiliza makosa yangu. Mwaka wa kwanza nilijipanga mbele kabisa ya ukumbi wa Teatro Arriaga, nimevaa dera jipya, simu mkononi. Saa moja jioni mwanamke wanayemwita txupinera, kavaa koti jekundu kama la askari wa zamani, akarusha fataki. Kwenye roshani akatokea Marijaia, sanamu la mwanamke mnene aliyeinua mikono yote miwili, kazi ya msanii Mari Puri Herrero. Watu wakapiga kelele, na papo hapo unga, mayai na mvinyo vikaanza kuruka. Yai la kwanza lilinipata sikioni. Dera lilinuka mvinyo wiki nzima, na mimi mvinyo sijawahi kuonja. Kama unataka kuona, kaa ng'ambo ya daraja la Arenal. Kama unataka kuwa ndani, vaa nguo ya kutupa na simu uiache nyumbani.

Gari usifikirie kabisa. Nunua Barik, kadi ya nauli, panda metro. Wiki hiyo treni hutembea usiku kucha. Shuka kituo cha Zazpikaleak, kina lifti.

Kula ndiko watu wetu wanakohangaika, na mimi nilihangaika mwezi mzima. Kinachonukia zaidi kwenye txosna ni txistorra, soseji nyembamba nyekundu, nayo ni nguruwe. Huviringishwa ndani ya talo, mkate mwembamba wa unga wa mahindi unaokaangwa juu ya bamba la chuma. Omba talo na jibini, au na chokoleti. Ukilitafuna kavu utakumbuka ukoko wa ugali, na hapo ndipo nilipoacha kuuona mji huu mgeni. Kwenye baa za mji mkongwe kuna pintxo, vijiliwa vidogo vilivyopangwa kaunta. Gilda ni salama: zeituni, dagaa wa chumvi na pilipili ndefu ya siki kwenye kijiti kimoja. Chewa wa pil-pil, mwenye mchuzi mzito wa mafuta na vitunguu saumu, kula bila wasiwasi. Vile vimviringo vya kukaanga vinavyopendeza, uliza kwanza. Mara nyingi vina nyama ya paja la nguruwe.

Kinywaji: agiza mosto. Ni maji ya zabibu yasiyo na kilevi, huletwa na barafu na kipande cha chungwa, na hakuna atakayekuuliza kwa nini. Wenzako watakuwa na kalimotxo, mvinyo mwekundu uliochanganywa na kola. Kikombe cha txosna unakiwekea amana, kirudishe udai pesa yako.

Saa za kwenda ni asubuhi na alasiri. Asubuhi majitu marefu ya mbao na nguo hucheza barabarani, na watu waliovaa vichwa vikubwa vya bandia hukimbiza watoto. Kuna pia Gargantúa, jitu lililoketi mbele ya sahani. Watoto huingia mdomoni wakateleza mpaka nyuma. Amama aliteleza humo enzi zake na hachoki kusimulia alitokea wapi. Msikilize mpiga txistu: filimbi ya matundu matatu kwa mkono wa kushoto, ngoma kwa wa kulia, mtu mmoja bendi nzima.

Lakini usikose michezo ya nguvu. Mkata magogo husimama juu ya gogo lenyewe na kulikata katikati ya miguu yake. Vibanzi vinaruka hadi mstari wa mbele, na shoka linapita sentimita chache tu kutoka kwenye vidole. Wainua mawe nao hubandika jiwe tumboni, kisha pajani, kisha begani. Iñaki Perurena ndiye wa kwanza kupita kilo 300. Amama hulitamka jina hilo kama sisi tunavyotaja masheikh.

Mapigano ya ng'ombe sijaenda, siendi. Fataki ni saa nne na nusu karibu kila usiku; pata nafasi kando ya mto mapema, na baada yake rudi nyumbani kama hupendi walevi. Ukisumbuliwa na mwanamume, sema "ez", yaani hapana, kwa sauti, na tafuta kibanda chenye rangi ya zambarau. Wahudumu wa pale kazi yao ni hiyo.

Jumapili ya mwisho Marijaia huchomwa usiku, juu ya maji. Kwetu Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa tunachoma kibanda cha makuti, kwa hiyo moto haukunishtua. Kilichonishtua ni watu wazima kumlilia sanamu kwa machozi huku wakicheka. Amama alinishika mkono mpaka moto ukazima, halafu akauliza kama nimeleta biskuti.

Kitambaa kipya kifue peke yake, kwa maji baridi. Kile changu kilimwaga bluu kwenye shuka zote za amama.