Kuwakumbuka wa Igandu: namna tunavyoiandaa Juni 24 hapa Tabora

Anayetaka kuandaa kumbukumbu ya ajali ya treni ya Igandu ya mwaka 2002 mtaani kwake aanze na daftari. Turubai, viti na spika vinapatikana kwa siku moja. Majina yanataka wiki nyingi, na bila majina mtabaki na ile idadi ya marehemu, 281 tu, ambayo kila mtu anaitaja na haimliwazi mama yeyote. Kaka yangu yumo katika hiyo 281. Alikuwa fundi redio.

Nunua kauntabuku, na kila marehemu mpe ukurasa wake mzima. Nenda kwa familia mwenyewe, jioni watu wakiwa wametoka kazini, na ufuatane na mtu wanayemfahamu. Walio mbali wapigie simu, maana ndugu wa marehemu wametawanyika njia nzima ya reli: Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza, mpaka Kigoma mjini. Uliza jina kamili, na lile walilomwita nyumbani. Uliza alikuwa anasafiri kufuata nini, na alikuwa mtu wa kazi gani. Usiulize alikufaje. Familia nyingi hazijui, na zinazojua zimechoka kusimulia. Muulize mtu habari za uhai wa ndugu yake, utaona anavyovuta kigoda akae vizuri. Mama mmoja wa kata ya Ng'ambo hapa Tabora alinieleza kwa kirefu jinsi binti yake alivyokuwa akishonea watoto wa jirani sare za shule kwa mkopo, kisha hadai. Hayo ndiyo ya kuandika kwenye ukurasa wake.

Wapo waliozikwa Dodoma bila kutambuliwa. Ndugu zao hawana kaburi la kwenda kupalilia, na nakuomba uwatazame hao kwa jicho la pekee. Jina la mpendwa wao liandikwe sawa na mengine, bila alama ya kuuliza pembeni, bila neno "hakupatikana". Siku yenyewe wakae mstari wa mbele.

Mwenyekiti wa serikali ya mtaa ajulishwe mapema, na kama mtakusanyika nje, polisi nao wapate taarifa. Hilo halina mlolongo mrefu.

Suala la dini lataka uangalifu zaidi. Nyumba nyingine watafanya hitima yao siku wanayoona wao, nyingine wataomba misa kanisani asubuhi, na wapo Waislamu wasiokubali kabisa kumbukumbu za kila mwaka. Asilazimishwe mtu, jina la ndugu yake lisomwe akiridhia tu. Mnapokutana pamoja, sheikh aombe dua, padri au mchungaji naye aombe, wote kwa ufupi. Mishumaa waachie wanaoitaka. Sisi huanza saa kumi na nusu, watu wakishaswali alasiri. Juni ni kiangazi, mvua haina nafasi, lakini jua likishuka baridi ya Tabora inawaumiza wazee, kwa hiyo tunafunga kabla ya magharibi.

Kabla ya majina, mtu mmoja aeleze kilichotokea, kwa maneno machache yasiyopambwa, maana vijana wengi wamezaliwa baadaye. Sisi tunasoma hivi: "Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria ilikuwa ikipanda mlima karibu na Igandu, mkoani Dodoma, ikiwa na watu zaidi ya 1,200. Breki zilishindwa kuishika, ikarudi kinyumenyume kwa kasi, ikagongana na treni ya mizigo. Watu 281 walifariki." Basi. Anayetaka kueleza mabehewa yalikuwaje na miili ilikuwaje, mzuie kwa adabu. Walioyaona wameketi hapo hapo.

Wasomaji wa majina wawe vijana, na wafanye mazoezi mbele ya familia ili Kinyamwezi na Kiha visipindishwe. Jina moja, kazi yake, kisha msomaji anyamaze kidogo. Muziki usiwekwe chini ya sauti yake. Watu wasipige makofi. Kiongozi akija akaribishwe kwa heshima, akae na wafiwa, asihutubie. Nalisimamia hili kila mwaka, hata wanaponinunia.

Picha ukiazima, ipige kwa simu hapo hapo na uirudishe mkononi mwa mwenyewe. Nyumba nyingine hiyo ndiyo pekee waliyo nayo.

Manusura waalikwe wote, wala asishurutishwe mmoja kushika kipaza sauti. Mwingine atakuja akae nyuma, anywe chai na mihogo, aondoke hajasema neno. Mpe kiti na umsindikize mpaka barabarani. Wa MV Bukoba, waliotutoka meli hiyo ilipozama Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, wana mnara wao Igoma, Mwanza, ambako manusura na wafiwa huenda pamoja. Huku kwetu jioni hii moja ndiyo mahali pao, kwa hiyo msiharakishe kukunja viti.

Kesho yake piga picha kurasa zote za daftari, kwa sababu mchwa wa hapa hawachagui karatasi. Nakala moja ikae kwa familia nyingine, si kwako, na picha zake zitumie ndugu walioko Kigoma wasahihishe majina na kukuongezea yaliyokosekana.