Namna ya Kuchora Dagaa Wanaoanikwa Mwaloni Kibirizi

Nimeandika mwongozo huu baada ya kumsaidia kijana wa Ujiji aliyetaka kuchora akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, kaskazini mwa mji wa Kigoma. Nachukulia kwamba msomaji anajua kuchanganya rangi.

Hatua ya 1. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa mwanga wa taa, kwa hiyo siku za mbalamwezi samaki hupungua mwaloni. Nenda siku zisizo na mbalamwezi, ufike alfajiri mitumbwi inaporudi. Waombe akina mama ruhusa kabla ya kufungua daftari. Chora kwa penseli papo hapo, kwa kuwa picha ya simu huvifanya vivuli vyote kuwa vyeusi, ilhali kivuli cha asubuhi juu ya mchanga kina ubuluu.

Hatua ya 2. Paka hadibodi rangi nyeupe ya maji, kisha uipige msasa. Edward Saidi Tingatinga alichorea hadibodi kwa rangi za mng'aro za baiskeli, nazo zilifaa sana kwa maumbo yake yaliyo wazi. Kwa kazi hii, inayotaka kijivu cha aina nyingi, mimi natumia akriliki tu.

Hatua ya 3. Weka mstari wa ziwa juu kabisa ili mchanga upate nafasi. Milima ya Kongo iwe hafifu, kwani wakati wa kiangazi moshi na vumbi huificha.

Hatua ya 4. Hapa ndipo wengi hukwama kwa saa nyingi, na chanzo ni kichupa cha rangi ya fedha, ambacho nakusihi usikinunue. Ngozi ya dagaa huakisi kilicho mbele yake: upande unaotazama anga huwa na ubuluu, na unaotazama mchanga huwa na ukahawia. Changanya nyeupe, buluu iliyokoza na kahawia kidogo, upake fungu zima kama eneo moja la kijivu, ndipo upitishe brashi bapa yenye kijivu kizito zaidi ukielekea kila upande, maana dagaa waliomwagwa hawalali kwa mpangilio. Wachache tu walio karibu na mtazamaji ndio wachorwe mmoja mmoja, kwa jicho na mkia. Nyeupe tupu iwekwe mwisho, pale tu jua linapogonga. Kumbuka kwamba akriliki ikikauka hukoza kuliko ilivyokuwa mbichi, hivyo ijaribu kwanza kwenye kipande cha pembeni. Tena andika saa kwenye daftari: dagaa waliotoka mtumbwini hung'aa, lakini kufikia mchana wamefifia na kuingia umanjano, na ukichanganya saa hizo mbili picha haitatulia. Ukichagua wale wa kwenye vichanja, mwanga hupenya kwenye nyavu, kwa hiyo kivuli cha chini kiwe na matundu.

Hatua ya 5. Chora mgongo ulioinama na mkono unaogeuza dagaa kabla ya uso. Maua ya kanga yadokezwe tu.

Hatua ya 6. Picha ikikauka kabisa, paka vanishi isiyong'aa. Ile inayong'aa huupa uso wote wa picha mwanga mmoja, na nyeupe uliyoibania juu ya dagaa hupotea.