Kutunza meno nyumbani: anza na usiku

Kama kuna siku utapiga mswaki mara moja tu, iwe usiku. Mchana mate hayaachi kuyasuuza meno, lakini mtu akilala hupungua sana, na sukari iliyobaki mdomoni bakteria huigeuza tindikali ya kutoboa meno. Inayotakiwa ni mara mbili kwa siku, ila ya usiku usiiruke.

Dawa ya meno isomwe kwenye boksi: itafutwe floraidi (madini yanayolinda meno) ya 1,000 hadi 1,500 ppm, yaani sehemu kwa milioni. Zile za mitishamba mara nyingi hazina, hata zikitoa povu zuri. Mkaa na majivu hukwangua meno, achana navyo. Mtu mzima na mtoto wa miaka 3 hadi 6 hutosheka na kiasi cha punje ya njegere. Aliye chini ya miaka 3, punje ya mchele, tangu jino la kwanza litokeze. Mtoto apigwe mswaki na mkubwa hadi miaka 7 au 8.

Chukua mswaki laini, uulaze kidogo ili nusu ya nyuzi ziguse jino na nusu ziguse ufizi. Hapo penye mpaka ndipo ukoga hujificha. Sogeza taratibu, hatua fupifupi, meno mawili mawili, kwa dakika 2 nzima. Anzia upande wa ndani wa meno ya mbele ya chini, kwa kuwa husahaulika na ugaga (ukoga unaoganda kwenye meno) hupapenda. Kisha magego ya mwisho, halafu kwingine. Malizia kwa ulimi. Kukandamiza kwa nguvu hakuongezi usafi, hurudisha ufizi nyuma na kuacha mizizi wazi.

Ukimaliza, tema povu, usisukutue kwa maji. Maji huondoa floraidi ambayo ingebaki kulinda meno usiku kucha.

Ufizi ukitoka damu, wengi huacha kupiga mswaki sehemu hiyo, nao huzidi kuvimba. Endelea polepole, isipopungua baada ya wiki mbili, nenda ukaonwe. Ugaga uliokwisha kuwa mgumu hautoki kwa mswaki wowote.

Katikati ya meno mswaki haufiki. Baada ya nyama ya mchomo au mahindi, pitisha uzi wa meno wa sentimita 45 hivi, ukilikumbatia kila jino hadi chini ya ufizi. Njiti ya kiberiti huumiza. Kijiti cha mti kilichotafunwa kikawa brashi husafisha vizuri, ingawa magego ya nyuma hukishinda, na floraidi ya kutosha hakina.

Chai ya sukari inayonywewa kidogo kidogo kutwa huharibu zaidi ya kikombe kilekile kinywewe na chakula. Baada ya soda, nanasi au juisi ya pasheni, subiri nusu saa kabla ya mswaki. Mswaki wenyewe usimamishwe ukauke, usiazimane, ubadilishwe kila miezi 3 au nyuzi zikipinda.

Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, jirani akasema ana ebinyo (uvimbe wa ufizi unaodhaniwa kuwa jino baya linaloleta ugonjwa), usikubali ang'olewe. Ule uvimbe kwenye ufizi ni jino linalokua. Kulichokonoa huleta damu nyingi na maambukizi, na huweza kuharibu jino la kudumu lililo chini yake. Mpeleke kituo cha afya atibiwe kuhara na homa.