Kutengeneza minazi, miembe na mkonge kwa reli ya mezani

Reli ya mezani, yaani mfano mdogo wa reli, inayoiga njia ya Tanga huharibiwa na miti kuliko kitu kingine chochote. Mtu analaza reli vizuri, anapaka stesheni rangi yake, kisha anapanda vijiti vyenye mabonge ya sponji ya kijani, na anayeijua Tanga akitazama hawezi kusema huu ni mti gani. Mti mdogo unatakiwa utambulike kwa umbo hata ukiwa haujapakwa rangi. Umbo hilo linatoka kwenye shina na matawi, kwa hiyo nusu ya kazi iwe imekwisha kabla hujagusa jani.

Vipimo vyote hapa ni vya skeli ya 1:87, yaani kila kitu ni kidogo mara 87 kuliko kile halisi. Njia ya Tanga ina upana wa mita moja, hivyo reli inayoifaa kwa skeli hii ni ya mm 12. Ile ya mm 16.5, inayopatikana kwa urahisi zaidi, inaiga njia ya mm 1,435. Kwa miti, chukua urefu halisi kwa mita, zidisha kwa 11.5, utapata milimita. Mnazi wa mita 18 unakuwa sm 21, mwembe wa mita 11 karibu sm 13, mchungwa wa mita 5 karibu sm 6. Usiogope urefu huo. Mnazi wa sm 7 ukisimama kando ya behewa lenye kimo cha sm 4 ni mche tu, na macho hulikataa jambo hilo hata kama mtazamaji hajui kwa nini.

Mnazi

Shina lipo tayari duka la vifaa vya umeme: waya wa 2.5 (milimita za mraba) wa uzi mmoja mnene, pamoja na plastiki yake. Unene wake ni mm 3.5 hivi, sawa na shina la sm 30. Kata sm 25. Menya plastiki sm 1 juu, pa kufungia makuti, na sm 3 chini, za kuchomeka kwenye ubao.

Gundi nyeupe ya maseremala haishiki kwenye plastiki laini, kwa hiyo kwanza ikwangue kwa msasa hadi ipoteze mng'ao wote. Kisha zungushia uzi wa kushonea kuanzia chini hadi juu, ukiacha nafasi ya kama mm 1 kati ya mzunguko na mzunguko, huku ukipaka gundi. Zile ndizo alama zinazoachwa na makuti yaliyoanguka. Chini kabisa ongeza mizunguko kumi au kumi na miwili juu kwa juu, ili shina livimbe kidogo linapoingia ardhini. Pinda shina uzi ukishakauka. Mnazi wa pwani huinama karibu na chini kisha hujinyoosha kuelekea juu. Ukiupinda sawasawa kama upinde, umeukosa. Rangi ya shina ni kijivu chenye kahawia kidogo. Kahawia tupu ni kosa la kawaida.

Kwa makuti, Tanga ina mali ambayo wenzetu wa mbali huagiza kwa fedha nyingi: katani. Fumua kipande cha kamba ya katani, kichane kwa brashi ya waya hadi nyuzi zitengane. Uzi mmoja una unene wa kama robo ya milimita, ambao kwa skeli hii ni kama sm 2, karibu sana na upana wa jani dogo la kuti. Ndiyo maana kuti la katani hulishinda la karatasi.

Kata nyuzi vipande vya sm 2. Chukua nyuzi mbili nyembamba za shaba kutoka kwenye waya laini wa taa, kila moja sm 9, zipake gundi, panga katani katikati yake kwa kukingama, uzi mmoja kila milimita, kwa urefu wa sm 6. Bana ncha moja kwenye drili, nyingine ishike kwa koleo, zungusha polepole hadi shaba iishike katani. Kwa sasa nyuzi zitakuwa zimesambaa pande zote. Lowanisha kwa gundi iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, lilaze kuti kati ya karatasi mbili za nailoni, weka kitabu kizito juu, acha hadi kesho. Gundi haishiki nailoni, utalibandua bila taabu. Ndipo ukate kingo kwa mkasi mdogo: jembamba kwenye ncha na kwenye shina lake, pana katikati. Acha sm 1 ya shaba tupu kwa kufungia.

Katani ikichomoka baada ya kukata, gundi haikuwepo kabla ya kuzungusha. Kuti likionekana kama brashi ya kuoshea chupa, nyuzi zimezidi. Punguza hadi 50 kwa kuti.

Paka rangi makuti kabla ya kuyafunga, maana baadaye brashi haifiki ndani. Mnazi mmoja unatosheka na makuti 20: sita ya juu yakielekea angani, manane ya katikati yaliyolala, sita ya chini yakining'inia. Funga kwa uzi safu kwa safu, ukianzia juu, na utie tone la gundi ya haraka kila safu. Mawili au matatu ya chini yapake kahawia na uyashushe hadi yaguse shina. Kwenye maungio bandika vumbi la katani lililobaki, liwe kilifu, yaani ule wavu wa nyuzi ulio kwenye mashina ya makuti. Kwa nazi tumia punje za mtama, nane hadi kumi na mbili, baadhi za kijani na baadhi za kahawia, zikiwa zimechovywa kwenye vanishi kwanza. Punje isiyo na vanishi italiwa na wadudu.

Mwembe

Hapa unahitaji shaba yenye matawi. Chukua waya wa 2.5 wa nyuzi saba, kata vipande vitano vya sm 20, menya plastiki, utapata nyuzi 35. Zisokote pamoja kuanzia chini: sm 3 za mizizi, kisha sm 2 hadi 3 tu za shina, kwa kuwa mwembe hutanuka mapema. Gawa nyuzi kwa matawi makubwa matano ya saba-saba. Kila tawi ligawanye nne na tatu, kisha mbili-mbili, hadi uzi mmoja. Tawi linapungua unene lenyewe kila linapogawanyika, na hilo ndilo linaloufanya mti uaminike. Matawi ya chini yalaze karibu sambamba na ardhi. Kata ncha kwa urefu usiolingana, mti uishie na upana wa sm 14. Mizizi minne itanue chini, wa tano uache wima wa kuchomeka.

Paka koti moja la rangi ya mafuta, likauke. Changanya gundi sehemu 1, maji sehemu 1, na unga wa jasi taratibu hadi upate uji mzito, kisha paka shina na matawi makubwa kwa makoti mawili membamba hadi shina lifike mm 10. Koti moja nene hupasuka linapokauka. Uji ukikaribia kukauka, chora magamba kwa sindano.

Majani yanahitaji wavu wa kuyashika. Chana katani hadi iwe laini, inyooshe kwa vidole mpaka uone upande wa pili, ining'inize kwenye ncha za matawi. Mwembe una kivuli kizito, hivyo weka tabaka mbili, ila acha nafasi ambazo tawi linaonekana kwa chini. Ipulizie rangi nyeusi yenye kahawia. Giza hilo la ndani ndilo litakaloupa mti ukubwa.

Sponji ya godoro kuukuu isage kwenye blenda yenye maji mengi. Bila maji mota huungua. Blenda hiyo isirudi tena jikoni. Kamua, chovya kwenye rangi ya maji iliyolainishwa, kamua tena, anika kivulini, kisha ichekeche. Kwa mwembe chukua chembe za mm 1 hadi 2. Kijani cha kopo kinawaka mno: kwa sehemu 5 za kijani tia 1 ya kahawia na nusu ya nyeusi. Tengeneza na rundo dogo la rangi ya shaba nyekundu, la majani machanga, ukalitie upande mmoja tu wa mti, kwa kuwa mwembe huchipua kwa mafungu.

Pulizia gundi sehemu 1 kwa maji sehemu 3, pamoja na tone la sabuni ya maji. Bila sabuni maji hujikusanya matone juu ya katani na sponji haishiki. Nyunyiza sponji ukiwa juu ya mti, usinyunyize kutoka chini.

Mkonge

Mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893, mwaka uleule reli ilipoanza kujengwa Tanga, hivyo anayeiga miaka ya kwanza ya reli asijaze mashamba yaliyokomaa kando ya njia.

Anayeiga miaka ya baadaye azingatie mistari. Upandaji unaojulikana ni wa mistari miwili-miwili: mita 1 kati ya mistari miwili ya jozi, mita 4 hadi jozi inayofuata, na sm 80 kati ya mche na mche. Kwa skeli hii ni mm 11.5, mm 46 na mm 9. Kipande cha sm 20 kwa 30 kinameza miche zaidi ya 220, kwa hiyo tengeneza vizuri mistari ya mbele tu: nyota tatu za karatasi ngumu zenye majani manane ya mm 15, zikipachikwa juu kwa juu kwenye kijiti. Rangi ni kijani chenye kijivu. Ya nyuma itoshe na vishada vya manyoya ya brashi ya nailoni. Usiinue nguzo nyingi za maua, kwa sababu mkonge ukichanua ndio mwisho wake. Shamba lenye nguzo nyingi linaonekana limetelekezwa.

Kupanda

Toboa ubao kwa drili ya mm 2 kwa mnazi, na pana zaidi kwa mwembe. Kabla ya kutia gundi, pitisha behewa lako refu kuliko yote kwenye kona: katikati yake huingia ndani na ncha zake hutoka nje, na kuti lililoshuka litalishika. Minazi iweke upande wa bandari, michungwa Muheza, mkonge ukielekea Korogwe. Wakati wa masika gundi hukawia kukauka mara mbili, na katani yenye unyevu hushika ukungu, hivyo anika kila kitu juani kabla ya kukibandika. Waya wa chuma uuepuke kabisa: hewa ya bahari huutia kutu, na kutu hutokeza juu ya rangi.