Kusoma Ki-67 na CD31 kwenye ngozi yenye soriasisi

Kwenye ngozi yenye afya, seli huzaliwa chini ya epidemisi (tabaka la nje la ngozi) na kufika juu baada ya takriban wiki 4. Kwenye soriasisi, ugonjwa wa mabaka yenye magamba, huchukua siku chache tu, na kapilari zilizo chini yake hutanuka na kujisokota. Ndiyo maana ukibandua gamba, vitone vya damu hujitokeza. Ki-67 na CD31 ni protini tunazozitia rangi: Ki-67 huonyesha seli zilizo katika mgawanyiko, CD31 huonyesha utando wa ndani wa mishipa ya damu.

Hatua ya 1: Kipande
Kipande cha ngozi (biopsi) cha milimita 4 kinatosha. Kitoke kwenye baka ambalo halijapakwa steroidi karibuni, maana steroidi hutuliza mgawanyiko wa seli na hesabu yako itadanganya. Kitie kwenye formalini ya 10% yenye bafa.

Hatua ya 2: Kukata
Mikroni 4, wima kabisa. Ukikata mshazari, seli za tabaka la chini zitaonekana zimepanda juu, nawe utaandika ugonjwa usiokuwepo.

Hatua ya 3: Kutia rangi
Chemsha slaidi kwenye bafa ya sitrati ya pH 6, zima peroksidesi (kimeng'enya cha tishu yenyewe) kwa haidrojeni peroksaidi ya 3%, weka kingamwili inayonasa protini unayoitafuta (kwa Ki-67, ile iitwayo MIB-1 hufanya kazi vizuri kwenye tishu iliyohifadhiwa kwa nta), halafu DAB, rangi inayoonyesha iliponasa. Kiwango cha kuzimua fuata karatasi ya mtengenezaji. Sambamba nayo, kwa kulinganisha, tia rangi tonsili, pamoja na slaidi moja ya mgonjwa isiyowekwa kingamwili ya kwanza (ile inayonasa protini).

Hatua ya 4: Kutenganisha kahawia na kahawia
Miongozo mingi huipita hatua hii, lakini kwa ngozi nyeusi ndiyo kazi yenyewe. DAB ni kahawia, melanini (rangi ya asili ya ngozi) ni kahawia, na zote hukutana tabaka la chini. Angalia mahali: Ki-67 imo ndani ya kiini, melanini ni chembechembe nje ya kiini, mara nyingi zimekifunika kwa juu kama kofia. Linganisha na ile slaidi isiyo na kingamwili. Ukiwa bado na shaka, tumia rangi ya Giemsa badala ya himatoksilini, rangi ya kawaida ya viini: melanini hugeuka kijani-buluu, DAB hubaki kahawia. AEC, rangi nyekundu inayowekwa badala ya DAB, nayo inafaa, ila huyeyuka kwenye alkoholi, kwa hiyo funika slaidi kwa gundi ya maji.

Hatua ya 5: Kuhesabu
Viini vya Ki-67 navihesabu kwa kila milimita ya urefu wa epidemisi, tabaka la chini peke yake na yaliyo juu yake peke yake. Asilimia siipendi: epidemisi ikinenepa, jumla ya seli unayoigawanyia huongezeka na asilimia hushuka bila sababu.

Kwa mishipa, CD34, alama nyingine ya mishipa, hushika pia seli nyingine za dermisi (tabaka lililo chini ya epidemisi), kwa hiyo nachagua CD31, nikiziruka limfosaiti (seli nyeupe za kinga) zilizotawanyika, ambazo nazo hushikwa. Lenzi ya 40, ikiwa lenzi ya jicho ina namba ya uwanja 22, huonyesha takriban mm² 0.24. Mishipa 12 hapo ni 50 kwa mm². Lakini kama nusu ya uwanja ni epidemisi, gawanya kwa 0.12: ni 100.

Kwenye ripoti, andika njia uliyohesabia, na usiite soriasisi kwa Ki-67 pekee. Ekzema nayo huipandisha.